Mhadhara wa Bingwa: Tiba Kamili ya Samaki wa Dhahabu

Ndugu Mwenyekiti, Mheshimiwa Mgeni Rasmi uliyetuma mwakilishi, mwakilishi uliyetuma udhuru, wafugaji wa samaki wa mapambo mliotoka Upanga, Sinza, Tabata na mpaka Kibaha, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa. Mliokosa viti simameni kwa adabu, maana mnasimama mbele ya elimu. (Makofi)

Makofi hayo ni machache, lakini tuendelee.

Nimeombwa nijitambulishe. Aliyeniomba ni mimi mwenyewe, na ombi nimelikubali. Mimi ni Bingwa wa Magonjwa ya Samaki wa Dhahabu, Ukanda wote wa Afrika Mashariki na Kati, cheo nilichojiteua baada ya kutafakari kwa kina na kuridhika kwamba hakuna mgombea mwingine aliyechukua fomu. Wapo wenye wivu wanaouliza nilisomea wapi. Nawajibu. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna vijana wanaokaa miaka mitano kusomea udaktari wa wanyama. Wanapasua ng'ombe, wanapasua mbuzi, wanachungulia hadubini mpaka macho yanawatoka machozi. Mimi nilipofika langoni nikaona foleni, nikageuza. Akili iliyokomaa haipangi foleni. Lipo pia Baraza la Veterinari, lenye daftari la madaktari waliosajiliwa. Jina langu halimo humo kwa sababu moja tu: cheo changu ni kirefu, na safu za daftari lao ni nyembamba.

Sasa tumjue mgonjwa.

Samaki wa dhahabu, kwa jina la kitaalamu Carassius auratus, si mtu wa kuokotwa. Kwao ni Uchina, ambako zaidi ya miaka elfu moja iliyopita watu waliona kwamba miongoni mwa samaki wa kijivu wa mitoni huzaliwa mara mojamoja mmoja mwenye rangi ya njano au nyekundu. Wakamtenga, wakamzalisha na mwenzake. Enzi za watawala wa Song, kati ya mwaka 960 na 1279, samaki hao walikuwa wakifugwa kwenye mabwawa ya bustani za wakubwa. Baadaye wakaingia Japani, na katika karne ya 17 wakafika Ulaya. Huyo uliyemweka kwenye bakuli juu ya friji, kati ya sanduku la mayai na bili ya maji, ni mjukuu wa bustani za wafalme. Leo ana koo nyingi: Oranda aliyevikwa kofia ya nyama kichwani, Ranchu asiye na pezi la mgongoni, na yule mweusi ambaye macho yamemtoka nje kana kwamba ameona ada yangu.

Akitunzwa vizuri huishi miaka 10, 15, hata zaidi. Huko Uingereza aliishi mmoja aliyeitwa Tish, akafa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Mtauliza wagonjwa wangu mimi huishi muda gani. Takwimu hizo ni siri kati ya daktari na marehemu. (Kicheko)

Msicheke. Ndiyo kwanza nafika kwenye nguzo ya elimu yangu, nayo naiita Kanuni ya Godoro. Inasema hivi: samaki akiumwa, ugonjwa umo ndani ya samaki. Haumo katika maji. Maji ni godoro la mgonjwa tu, na tangu dunia iumbwe hakuna hospitali iliyompa godoro dawa ikamwacha mgonjwa. Anayewaambia mpime maji kabla ya kumpima samaki ana ajenda yake. Naomba kunukuliwa hapo.

Nitatetea kanuni hii kwa mifano hai. Neno "hai" nalitumia kwa uhuru kidogo.

Mfano wa kwanza. Mama mmoja wa Upanga aliniita akilia. Samaki wake wawili, ndani ya bakuli la kioo la kupendeza, walikuwa wametoa midomo juu ya maji wakihema. Nilizunguka bakuli nikiwa nimefunga mikono nyuma, kama ipasavyo. Nikatamka: hii ni Homa ya Kutamani Bahari. Nikaagiza bakuli lihamishiwe kwenye dirisha linalotazama Bahari ya Hindi, wapate upepo wa kwao. Binti wa kazi akalijaribu bakuli, akaona ni zito, akamwaga maji nusu. Alipolifikisha dirishani akajazia maji mengine yaliyokuwa yamelala kwenye ndoo tangu jana. Kufika jioni samaki wameshuka chini, mapezi yamefunguka, wanachakura changarawe. Upepo wa Bahari ya Hindi huo! Binti nilimkemea kwa kumwagamwaga.

Wapinzani wangu wana maelezo mengine, na kwa kuwa mimi ni muungwana nitayasoma. Wanadai samaki hutoa amonia, nyingi yake ikipitia kwenye matamvua anapopumua, na kwamba amonia hiyo huyaunguza matamvua yaleyale. Wanadai kwamba katika tangi lililokomaa huishi bakteria wa aina mbili wasioonekana kwa macho: wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwa kuwa huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni na kuwa ya kahawia, wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili mpaka ibadilishiwe maji. Wanadai jeshi hilo la bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, kwa hiyo anayenunua tangi asubuhi na kulijaza samaki mchana amewaingiza katika nyumba isiyo na choo. Eti vipimo vinatakiwa vionyeshe amonia sifuri, nitriti sifuri, na nitrati isizidi miligramu 40 kwa lita.

Hawaishii hapo. Wanasema hata jiji letu lina mchango wake. Maji yenye nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita. Yakifika nyuzi 30, kama yanavyofika sebuleni Dar es Salaam mwezi wa Februari, hubeba kama 7 na nusu tu, wakati samaki mwenyewe joto limempandisha mahitaji. Tena amonia ileile huwa kali zaidi maji yakiwa ya moto. Na klorini ya bomba huchoma matamvua, ila ukiyaacha maji wazi kwenye ndoo siku nzima klorini hupotea hewani. Yaani wanataka kumpa sifa binti wa kazi na ndoo yake! Bingwa nilikuwepo, nimefunga mikono nyuma, na sifa iende kwenye ndoo? (Minong'ono)

Mfano wa pili, nao ni wa kitaalamu zaidi. Kijana wa Sinza alinitumia picha kwa simu. Samaki wake ana madoa meupe madogo kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye ukingo wa mapezi ya mbele, na kutwa anamfukuza mwenzake huku akimsukuma ubavuni. Sikusita hata kidogo. Nikasema: madoa meupe, ugonjwa hatari, ukichaa umeshaanza. Nikaagiza chumvi na dawa ya buluu. Kesho yake tangi limejaa mayai. Nikaandika kwenye jalada: mgonjwa amepona na ametaga kwa shukrani. Kijana akasema aliyetaga ni yule aliyekuwa akifukuzwa. Nikamjibu kwamba furaha huambukiza.

Wapinzani wakaja tena. Dume wa samaki wa dhahabu, wanasema, akifika msimu wa kuzaa huota vipele vyeupe mahali hapohapo, kwenye vifuniko vya matamvua na mapezi ya mbele. Si ugonjwa, ni ubwana harusi, na nilichomtibu kijana yule ni posa. Madoa ya ugonjwa wenyewe huletwa na kimelea kinachoitwa Ichthyophthirius multifiliis, nayo hayachagui mahali. Hutapakaa mwili mzima na mapezi yote, mithili ya chembe za chumvi, na samaki hujisugua kwenye mawe kwa muwasho.

Hapa kuna jambo ambalo nitalieleza taratibu kwa sababu ndilo linalolipa kodi yangu ya nyumba. Kimelea hicho kikiwa chini ya ngozi ya samaki, dawa haikifikii. Kikishiba hujibandua, huanguka sakafuni mwa tangi, hujifungia ndani ya ganda na kujigawa mpaka wanakuwa mamia. Hao mamia hutoka wakiogelea kutafuta samaki wa kumwingia, na ni katika safari hiyo tu ndipo dawa au chumvi huwaua. Katika maji ya nyuzi 25 mzunguko wote huchukua wiki moja au pungufu. Katika maji ya baridi huchukua wiki kadhaa. Maana yake, madoa yakitoweka ugonjwa haujaisha, umeshuka sakafuni kwenda kuzaa. Daktari mwenye mapungufu ya kibiashara ataendelea na dawa siku nyingi baada ya doa la mwisho kutoweka, na atapandisha joto la maji polepole ili kimelea kiharakishe mzunguko wake. Mimi doa likitoweka nafunga jalada na kupokea ada. Likirudi wiki ijayo, huo ni ugonjwa mpya, jalada jipya, na ada mpya. (Kicheko kirefu)

Mfano wa tatu unahusu tajiri wa Mbezi. Alikuwa na Oranda mnene, mviringo, ambaye alianza kuelea tumbo juu. Tajiri mwenyewe alikuwa akimlisha: asubuhi chapati, mchana ubwabwa, jioni punje zile za dukani kiganja kizima, "ili asijisikie mpweke." Nilichunguza, nikagundua Kizunguzungu cha Mandhari. Nyuma ya tangi palikuwa na picha ya matumbawe. Nikaagiza picha igeuzwe juu chini, ili mgonjwa ajione yuko sawa. Tiba hii ni uvumbuzi wangu binafsi, na bado natafuta mahali pa kuisajili. Familia ikafunga nyumba ikaenda Moshi kwa Krismasi, mlinzi akasahau kulisha. Waliporudi, samaki amekaa wima na ana njaa. Nawaulizeni: picha ilifanya kazi au haikufanya?

Wapinzani wanasema samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhia chakula. Kikitoka kooni huingia moja kwa moja kwenye utumbo. Kwa hiyo anatakiwa ale kidogo, kiasi anachomaliza ndani ya dakika mbili. Anacho kibofu cha hewa chenye vyumba viwili, ambacho kimeunganishwa na koo kwa mrija, nacho ndicho kinachomshika asizame wala asielee. Hizi koo za mviringo, ambazo binadamu amezizalisha kwa kupenda umbo la chungu, zimebanwa matumbo. Utumbo ukijaa au kufunga, kibofu husukumwa na samaki hupinduka. Eti tiba ya kwanza ni kumfungisha siku mbili tatu. Ya pili ni njegere moja iliyochemshwa ikalainika, ikamenywa ganda na kukatwa vipande vidogo. Ya tatu ni kumlisha punje zinazozama, zilizolowekwa kidogo, asigugumie hewa juu ya maji. Na ikiwa chanzo ni maambukizi au umbile alilozaliwa nalo, njegere hata gunia zima halitamnyoosha. Njegere! Mtu wa hadhi yangu akaandike njegere kwenye karatasi yenye mhuri?

Mfano wa nne ni wa vimelea vinavyoonekana. Shangazi mmoja wa Tabata alikuwa na samaki aliyeota uzi mweupe ubavuni. Nikampongeza. Nikamwambia huo ni unywele wa busara, huwaota samaki wenye umri, na usiguswe. Baada ya muda busara ikaenea kwenye tangi zima. Wapinzani wakasema uzi ule ni Lernaea, mdudu wa jamii ya kamba na kaa, ambaye jike lake hujichimbia kichwa ndani ya nyama kwa ndoana za umbo la nanga na kuacha mwili ukining'inia nje. Wanasema hutolewa kwa kibano, akishikwa karibu na ngozi na kuvutwa polepole ili kichwa kisikatikie ndani, kidonda kikasafishwa, kisha tangi zima likatibiwa kwa sababu watoto wake wameshaogelea kila kona.

Wapo minyoo bapa pia, wanaong'ang'ania matamvua na ngozi. Hao ni wadogo mno, bila hadubini huwaoni. Dalili ni samaki kupumua kwa shavu moja, kujisugua na kutoa ute mwingi. Dawa yao, na hapa nilisisimka, ni prazikwanteli, ileile wanayopewa watoto wa shule Kanda ya Ziwa dhidi ya kichocho. Huko shuleni watoto husimamishwa kwenye fimbo yenye alama, na idadi ya vidonge hutegemea kimo. Basi nikaazima fimbo, nikamsimamisha mgonjwa. Hakufika alama ya kwanza. Nikahitimisha kwamba kitabibu samaki huyu hayupo. Wapinzani wanasema dawa hiyo huyeyushwa katika maji ya tangi kwa kipimo cha lita, na kwamba haimfanyi chochote yule mdudu wa uzi. Kwa hiyo anayetibu bila kujua ni kimelea gani anatibu mfuko wa muuza dawa. Sikupenda walivyonitazama waliposema hivyo.

Kuhusu mapezi kuoza sitachukua muda. Mapezi hunyauka kingo, hugeuka meupe au mekundu, kisha hupukutika. Wanadai bakteria wanaofanya kazi hiyo wamo kwenye tangi siku zote, na husubiri samaki adhoofishwe na maji machafu ndipo washambulie. Mnaona? Maji tena. Hawa watu wana ugonjwa wa maji.

Nafika kwenye jambo zito, na naomba simu zizimwe. Yupo samaki ambaye tumbo huvimba na magamba yote husimama wima. Mkimtazama kutoka juu mtaona kila gamba limejitenga na mwenzake. Samaki wa maji baridi huingiwa na maji saa zote kupitia matamvua, kwa kuwa damu yake ina chumvi kuliko maji anamoishi, na figo zake hufanya kazi usiku na mchana kuyatoa nje kama mkojo. Figo zikishindwa, maji hubaki mwilini. Chumvi kidogo kwenye maji, gramu moja hadi tatu kwa lita, hupunguza tofauti hiyo na kuzipumzisha figo. Ndiyo maana wazee wa fani huanza na chumvi kabla ya chupa za rangi. Lakini magamba yakishasimama, wengi hawarudi.

Hapo huulizwa namna ya kumpumzisha mgonjwa bila mateso. Mimi nilikuwa natoa hotuba mpaka anakata roho mwenyewe. Wenzangu hutumia mafuta ya karafuu, zao letu la Pemba na Unguja. Ndani yake mna kemikali iitwayo eujenoli, ambayo kwa kipimo kidogo humlaza samaki usingizi ili apasuliwe, na kwa kipimo kikubwa humlaza moja kwa moja. Chooni hatupwi akiwa hai, wala hatiwi kwenye barafu. Nimekubali, ingawa karafuu ni bei kuliko hotuba.

Na mkisikia samaki anapasuliwa msidhani natania. Mwaka 2014, katika Hospitali ya Wanyama ya Lort Smith, mjini Melbourne, Australia, samaki wa dhahabu aliyeitwa George alitolewa uvimbe kichwani. Alilazwa kwa dawa iliyochanganywa katika maji, na maji yenye hewa yakawa yanapitishwa kwenye matamvua yake muda wote, kama dakika 45. Akarudi bwawani kwake. Sikualikwa. Barua yangu ya kujitolea kuwa mshauri mkuu haijajibiwa mpaka leo.

Lipo swali limeletwa kwa kikaratasi: umeme ukikatika na pampu ya hewa ikazimika, tufanye nini? Swali la watu wenye hofu. Fahamuni kwamba samaki wa dhahabu ni mlevi wa kuzaliwa. Huko kwenye nchi za baridi, bwawa likifunikwa na barafu na oksijeni ikaisha, mwili wake hugeuza asidi inayojilimbikiza kuwa pombe, na pombe hiyo hutokea kwenye matamvua. Anaweza kuishi hivyo kwa muda mrefu. Kiumbe wa namna hiyo pampu ya nini? Aliyeandika kikaratasi ameongeza kwa chini, kwa kalamu nyingine, kwamba mbinu hiyo inamfaa katika maji ya baridi kali tu, na kwamba katika joto la Dar es Salaam pampu ikizimika inabidi uchote maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu, mara kwa mara, ili yavute hewa. Mtu huyu aache kuandika kwenye maswali yake majibu.

Wengine huniuliza kama kweli samaki husahau kila baada ya sekunde tatu. Ni uongo mtupu. Majaribio yameonyesha kwamba hukumbuka mambo kwa miezi. Hujua saa ya kula, humjua anayemlisha. Ndiyo maana wagonjwa wangu wakiniona kwa mara ya pili hukimbilia nyuma ya jiwe. Hiyo ni heshima. (Kicheko)

Naona mkono umenyooshwa kule nyuma. Ni mwanafunzi, bado ana sare. Njoo mbele.

"Shikamoo, Profesa."

Marahaba, mwanangu. Uliza kwa kifupi, majibu yangu ndiyo marefu.

"Profesa, huyu samaki uliyemweka hapo mezani kwa maonyesho, kwa nini ametoa mdomo juu ya maji?"

Anasikiliza mhadhara.

"Na kwa nini matamvua yake yamekuwa mekundu?"

Haya. Anaona haya mbele ya watu.

"Profesa, nilichota maji yake kidogo wakati wa makofi. Nina kichupa cha kupimia amonia, mwalimu wetu wa baiolojia alitupa. Karatasi inasema rangi ya njano ni salama. Haya yamekuwa kijani kibichi."

Kijani ni rangi ya uhai, mwanangu. Imo kwenye bendera ya taifa.

"Umesema maji ni godoro. Sasa huyu mgonjwa analala kwenye godoro hilo, anakula humo, anajisaidia humo, na anavuta pumzi kutoka humohumo. Binadamu akilazwa hivyo, Profesa, mgonjwa ni nani: yeye au godoro?" (Makofi makubwa, baadhi ya watu wamesimama)

Kaeni. Nasema kaeni! Mwenyekiti, nani ameruhusu watoto kwenye mkutano wa wataalamu? Na wewe mama wa Upanga, unakwenda wapi na hiyo ndoo? Acha. Usimwage. Hayo ni maji ya maonyesho! Unatoa robo tatu? Hapana, anasema robo moja tu leo na nyingine kesho, asije akashtuka. Anasema maji ya kujazia yamelala tangu jana. Kumbe alikuja amejiandaa.

Ndugu Mwenyekiti, kwa kuwa muda umekwisha, na kwa kuwa mgonjwa ameanza kushuka chini kwa sababu hotuba imemuingia, nitasoma maazimio. Yaliletwa na yule mwanafunzi, nami nayasoma nikiyapinga.

Kwanza: samaki mmoja asikae kwenye bakuli, watunzaji wengi hukadiria lita 75 kwa wa kwanza na kama lita 40 kwa kila anayeongezeka. Napinga, bakuli ni zuri machoni. Pili: samaki mpya atengwe kwenye chombo chake wiki mbili hadi nne kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Napinga, ni ubaguzi. Tatu: robo ya maji ibadilishwe kila wiki, na maji mapya yawe na joto lilelile na yasiyo na klorini. Napinga, ni kazi. Nne: sponji ya chujio isisuuzwe kwa maji ya bomba, isuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, ili bakteria wema wasife. Napinga, sijawahi kuona bakteria mwema. Tano: samaki akionyesha dalili yoyote, kipimo cha kwanza kiwe cha maji, na dawa isitiwe mpaka ugonjwa ujulikane. Hili napinga kwa nguvu zote, kwa kuwa nyumba ikipima maji kila wiki hainiiti tena. Nimeshapoteza Upanga. Tabata inayumba. Mbezi wananunua njegere.

Kwa hiyo nawasihi, wapendwa wafugaji: msipime maji. Vile vichupa visiingie nyumbani kwenu, na ndoo ya jana imwagwe leo. Ada ya mhadhara inalipwa mlangoni, taslimu, na wenye samaki anayeelea walipe kabla hajafa, kwani baada ya hapo huwa hamlipi.